Kugombana na Kupigwa: Kauli za Vitenzi na Utambuzi wa Ukatili wa Nyumbani

Mtu apigwaye ndani ya nyumba yake hawezi kusaidiwa mpaka jambo lililompata limetajwa, wala hawezi kulitaja ila kwa maneno aliyoyarithi. Maneno hayo yana historia yake na sarufi yake. Baadhi huweka wazi ni nani aliyetenda na ni nani aliyetendwa. Mengine huwafunika wote wawili kwa guo moja. Msikilizaji, awe ni jirani, mwenyekiti wa mtaa, muuguzi au askari, hufuata njia aliyoonyeshwa na neno la kwanza alilolisikia. Likiwa ni neno la ugomvi, atapatanisha; likiwa ni neno la jinai, ataandika maelezo na kumpeleka majeruhi hospitali. Kwa hiyo uchaguzi wa neno hapa si suala la ufasaha peke yake. Mara nyingi ndilo liamualo kama mtu atapata ulinzi au atarudishwa kwa yule yule aliyemwumiza.

Makala haya yakusudia kueleza mambo matatu: kwanza, jinsi sarufi na msamiati wa Kiswahili unavyoweza kuuficha au kuufichua ukatili wa nyumbani, pili, jinsi ya kuutambua ukatili huo hata pale usipotajwa, tatu, milango ya msaada iliyopo Tanzania, Bara na Visiwani, pamoja na mfano wa Kenya kwa kulinganisha. Aghalabu mtendwa ni mwanamke, na mtenda ni mumewe au mwanamume aishiye naye. Walakini watoto, wazee, watumishi wa ndani, na pengine waume pia hutendwa, na mengi yasemwayo hapa yawahusu wao vile vile.

Kauli ya kutendana

Kiambishi -an- huonyesha kwamba watenda ni wawili au zaidi, na kwamba kila mmoja humtendea mwenziwe lile atendewalo: pendana, saidiana, salimiana. Kiambishi hiki hugawa tendo sawasawa. Katika sentensi "Fulani na mkewe wamepigana", kiima ni watu wawili, na yambwa haimo. Msikilizaji hawezi kujua ni nani aliyeanza, ni nani aliyeinua mkono, wala ni nani aliyekuwa akijikinga uso. Sentensi hiyo ni kweli pale tu ambapo wote wawili walipiga. Hata hivyo husemwa kila siku juu ya nyumba ambayo mmoja hupiga na mwingine hupigwa, kwa sababu jirani alisikia makelele lakini hakuona, na kwa sababu kusema "amempiga" ni kushitaki, bali kusema "wamepigana" ni kuarifu tu.

Kitenzi gombana kimekwenda mbali zaidi. Ugomvi waweza kuwa wa maneno matupu, na waweza kuwa wa mikono; jina ni lile lile. "Ugomvi wa mke na mume" hutajwa kwa mabishano juu ya fedha ya sokoni, na hutajwa kwa jino lililong'oka kwa ngumi. Jina likiwa moja, dawa nayo huwa moja: hukumbushwa methali isemayo kuwa wagombanao ndio wapatanao, na wawili hao huambiwa washikane mikono. Methali hiyo ni ya hekima mahali pake. Yawahusu watu wawezao kugombana kweli, yaani walio sawa kwa nguvu na kwa ujasiri. Nyumba ambayo mmoja hushtuka kila asikiapo hodi ya mwenziwe, hiyo haina wagombanao. Ina mwenye kupiga na mwenye kuogopa. Kuwapatanisha wawili hao kama watu waliokoseana ni kumwomba aliyepigwa atubu sehemu ya kosa lisilo lake.

Kutendeka na kutendwa

Kauli ya pili yenye kustahili kuangaliwa ni ile ya kutendeka. Hueleza hali ambayo kitu kimeingia, bila kujali kilivyoingizwa: kikombe kimevunjika, nguo imechanika. Katika Kiswahili sanifu kauli hii haikubali mtenda aongozwaye na "na". Husemwa "amevunjwa mkono na mumewe", lakini haisemwi "amevunjika mkono na mumewe". Tofauti ya viambishi -ik- na -w- ni ndogo kwa sauti, bali ni kubwa kwa maana: cha pili kina nafasi ya mtenda, cha kwanza hakina.

Vitenzi vingine viendavyo pamoja na hivi hufanya kazi ile ile. Ameumia na ameumizwa, ameungua na ameunguzwa, ameanguka na ameangushwa: katika kila jozi neno la kwanza laishia kwenye mwili wa majeruhi, na la pili laelekeza kwa mtu mwingine. Mwanamke aliyefika zahanati akiwa na jicho lililovimba mara nyingi husema "nimeanguka" au "nimejigonga mlangoni". Hasemi uongo kwa kupenda. Huenda aliyempiga ameketi nje akimngojea. Karani aandikapo "ameumia jicho", ameandika kweli isiyo kamili, na karatasi ile baadaye itasomwa na watu wasiomwona yule mwanamke. Lau angeandika maneno ya mgonjwa kama yalivyosemwa, kisha akaandika kando jeraha alilolitazama kwa macho yake, karatasi ingehifadhi tofauti kati ya hadithi na alama.

Kauli ya kutendwa nayo si dawa ya kila kitu, kwa kuwa yaruhusu mtenda kuachwa. "Amepigwa" ni sentensi kamili. Hapa ndipo msikilizaji mwema apaswapo kukamilisha sarufi kwa swali fupi: "Amepigwa na nani?" Swali hilo lafaa kuulizwa faraghani, kwa sauti ya chini, na kamwe lisiulizwe mbele ya mtu ashukiwaye.

Vitenzi vya adabu

Liko kundi la vitenzi ambavyo havifichi mtenda wala mtendwa, bali hubadili sura ya tendo lenyewe. Kundi hilo ni la malezi: kumrudi mtu, kumtia adabu, kumfunza, kumkanya. Rudi isipokuwa na yambwa ni kurejea. Ikiwa na yambwa ya mtu, yaani kumrudi, ni kumwadhibu ili ajirekebishe, na marudi ni adhabu hiyo. Kitenzi hicho asili yake kilimhusu mtoto, mwanafunzi au mtwana. Kisemwapo juu ya mke, humweka mke katika daraja hiyo hiyo, na humpa mume cheo cha mlezi. Mtu aweza kukataa kipigo na bado akakubali kwamba mke hurudiwa. Hajaona kwamba ametaja jambo moja kwa majina mawili.

Maneno adabu na adhabu hukaribiana mno kwa sauti, na watu wengi huyatumia kama ndugu. Asili zake ni mbali mbali. Adabu yatokana na neno la Kiarabu la malezi na mwenendo mwema. Adhabu yatokana na neno ambalo katika Kiarabu maana yake ni mateso. Katika Kiswahili neno hili la pili limepungua ukali, likawa malipo ya kosa. Kwa hiyo mtu asemaye "nilimpa adhabu" husikika kama hakimu, ingawa katika lugha ambayo neno lilitoka angesikika kama mtesaji.

Nguvu ya vitenzi hivi si ya kukisia. Katika uchunguzi wa taifa wa afya na uzazi wa Tanzania wa mwaka 2015 na 2016, watu waliulizwa kama mume ana haki ya kumpiga mkewe kwa sababu moja walau katika sababu zilizotajwa, kama kuunguza chakula, kutoka bila kuaga, au kubishana naye. Wanawake 58 katika kila 100 walisema anayo haki, na wanaume 40 katika kila 100. Sababu zote zile ni za makosa, na penye kosa ndipo lugha ya adabu ipatapo nafasi. Ajuaye hivyo hatashangaa kwamba wanawake walizidi wanaume. Wao ndio waliofunzwa zaidi, tangu unyagoni hata harusini, kwamba maneno hayo ni ya kheri.

Pamoja na vitenzi hivyo kiko kingine cha upande wa pili: kuvumilia. Susan F. Hirsch, katika kitabu chake cha mwaka 1998 juu ya mahakama za Kadhi za pwani ya Kenya, alionyesha jinsi mke mwema atarajiwavyo kuvumilia kimya, na jinsi wanawake wafikapo mbele ya Kadhi hulazimika kusimulia yale waliyotakiwa kuyanyamazia. Kwa mwanasarufi lipo jambo la kuongeza. Vumilia ni kitenzi chenye kutaka yambwa: mtu huvumilia njaa, huvumilia baridi, huvumilia maradhi. Lakini katika wasia wa ndoa yambwa huachwa, ikabaki "vumilia tu", na methali "mvumilivu hula mbivu" ikafuata. Somo au shangazi ambaye angelazimishwa kuitaja yambwa hiyo, "vumilia kupigwa teke ukiwa na mimba", pengine angesita kabla ya kuimaliza sentensi yake.

Majina matatu ya kiserikali

Katika miaka ya karibuni serikali na vyama vya kiraia vimehitaji jina moja la jumla kwa mambo haya. Ajabu ni kwamba Kiswahili hakikutoa moja, bali kilitoa matatu, na kila nchi au sehemu imependelea lake. Tanzania Bara hutumia ukatili. Zanzibar hutumia udhalilishaji. Kenya hutumia zaidi dhuluma. Yote yametoka Kiarabu, na kila moja limechukua sehemu yake ya jambo.

Katili kwa asili ni muuaji, kutoka qatala, aliua. Ingawa katika Kiswahili maana imepanuka ikawa mtu asiye na huruma, uzito wa damu umesalia. Faida ya neno hili ni kwamba halina mzaha. Hasara yake ni kwamba mtu aliyepigwa kofi, au aliyenyimwa fedha ya chakula, hajioni kuwa ametendewa ukatili, kwa kuwa hakuvuja damu. Udhalilishaji watokana na dhalili, mtu mnyonge aliyeshushwa. Neno hili laingiza matusi, vitisho na fedheha bila taabu. Lakini laweza kulifanya jambo lionekane kuwa ni la heshima tu, na heshima watu huilinda kwa kuficha. Dhuluma ni kinyume cha haki, na mwenye kudhulumiwa ana madai. Hilo ndilo neno lielekealo mahakamani kuliko yote. Walakini masikioni mwa wengi dhuluma ni ya mali, kama urithi au shamba, kabla ya kuwa ya mwili.

Si lazima moja lishinde. Lililo la lazima ni kwamba asemaye na raia ajue neno lake lafika wapi na lakoma wapi, kisha aongeze maelezo pale likomapo. Bango lisemalo "Pinga ukatili" halimwambii mke aliyefungiwa ndani na kunyang'anywa simu kwamba laongea naye.

Kuuliza vitendo

Wachunguzi wa afya walikwisha kugundua udhaifu huu wa majina, nao walipata njia ya kuukwepa. Shirika la Afya Duniani lilipofanya uchunguzi wake katika nchi 10, likatoa taarifa mwaka 2005, hapakuulizwa "Je, umefanyiwa ukatili?" Yaliulizwa matendo, moja moja: je, mwenzi wako aliwahi kukupiga kofi, au kukurushia kitu kiwezacho kukuumiza? Aliwahi kukusukuma? Kukupiga ngumi? Kukupiga teke au kukuburura? Kukukaba koo au kukuunguza kwa makusudi? Kukutishia kwa kisu au silaha nyingine? Kila swali lina kitenzi cha kutenda, lina mtenda, na lina yambwa -ku- ndani ya kitenzi. Hapana mahali pa kujificha.

Kwa njia hiyo ilionekana kwamba miongoni mwa wanawake waliowahi kuwa na mwenzi, 41 katika kila 100 jijini Dar es Salaam, na 56 katika kila 100 mkoani Mbeya, walikuwa wametendewa ukatili wa mwili au wa kingono na mwenzi wao. Taarifa hiyo ilionyesha pia kwamba kati ya waliopigwa, 55 hadi 95 katika kila 100, kwa kutegemea mahali, hawakuwahi kwenda kuomba msaada wa ofisi au mtu yeyote mwenye mamlaka. Wengi wao hawakuwa wamekosa ofisi peke yake; walikuwa wamekosa neno la kuingia nalo ofisini.

Hekima hiyo ya dodoso yafaa kwa kila msikilizaji. Ukatili wa nyumbani hutambulikana kwa vitendo vyenye kurudiwa na kwa hofu inayotawala nyumba. Vitendo vya mwili ni vile vilivyotajwa hapo juu. Vya kingono ni kulazimishwa tendo la ndoa kwa nguvu au kwa vitisho. Vya moyo ni matusi ya kila siku, kutishiwa kuuawa au kunyang'anywa watoto, na kudhihakiwa mbele ya watu. Vya mali ni kunyimwa matumizi, kunyang'anywa mshahara au mazao, na kukatazwa kufanya kazi. Juu ya hayo liko jambo la kutawaliwa: mtu kukatazwa kuwaona ndugu zake, kukaguliwa simu, kutakiwa aombe ruhusa kwa kila hatua, hata kwenda zahanati.

Dalili za nje nazo zipo. Ziko alama za umri mbalimbali katika mwili mmoja, nyingine zikiwa zimepona na nyingine zikiwa mbichi. Ziko alama mahali pafunikwapo na nguo. Maelezo hayalingani na jeraha, au hubadilika kutoka siku hadi siku. Mume hujibu maswali aliyoulizwa mke. Mtu aliyekuwa mchangamfu huacha kufika katika shughuli, vikoba na ibada. Hakuna dalili moja itoshayo kwa hukumu. Zikikusanyika, zatosha kwa swali la faragha. Na dalili moja ni ya haraka kuliko zote: kukabwa koo, hata kama hakukuacha alama, ni ishara kwamba maisha yamo hatarini. Tena yapasa kukumbukwa kwamba wakati wa kuondoka ni wakati wa hatari kubwa. Amshauriye mtu "ondoka leo" bila kumwuliza ataondoka vipi na atalala wapi, hajamsaidia bado.

Milango ya msaada

Mlango wa kwanza ni sheria yenyewe, kwa kuwa wengi hawaijui. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, itumikayo Tanzania Bara, yatangaza katika kifungu cha 66 kwamba hakuna mtu mwenye haki ya kumpa mwenzi wake wa ndoa adhabu ya kumpiga, hata kama mila ingeruhusu. Sheria hiyo ilitumia lugha ya adhabu kwa makusudi, ili kuifuta mahali pale ilipokuwa imejificha. Kifungu cha 107 chautaja ukatili, wa mwili au wa akili, uliotendwa kwa mdai au kwa watoto, kuwa ni ushahidi uwezao kuonyesha kwamba ndoa imevunjika. Bara haina sheria moja mahsusi ya ukatili wa nyumbani. Anayepiga hushitakiwa kwa Kanuni ya Adhabu, kwa makosa kama shambulio la kawaida, shambulio la kudhuru mwili, na kujeruhi. Mwenye kufika kituoni afaa kulijua neno "shambulio", kwa sababu hilo ndilo jina la kosa. Neno "ugomvi" si jina la kosa hilo.

Mlango wa pili ni polisi. Vituo vingi vya polisi vina Dawati la Jinsia na Watoto, ambalo lilianzishwa ili mlalamikaji asisimulie habari zake mbele ya kaunta. Hapo hutolewa Fomu ya Polisi Namba 3, ambayo majeruhi huipeleka hospitali, na tabibu huandika ndani yake alichokiona. Fomu hiyo ndiyo daraja kati ya jeraha na mahakama. Isipojazwa vizuri, ushahidi hudhoofika alama zikisha kupona.

Mlango wa tatu ni hospitali. Katika baadhi ya hospitali viko Vituo vya Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambamo tabibu, askari na afisa ustawi wa jamii hupatikana mahali pamoja, ili mtu asirudie hadithi yake mlango kwa mlango. Aliyelazimishwa tendo la ndoa afike mapema iwezekanavyo, kwa sababu dawa za kukinga maambukizo ya virusi vya ukimwi sharti zianzwe ndani ya saa 72.

Mlango wa nne uko karibu na nyumba: afisa ustawi wa jamii na afisa maendeleo ya jamii, mtendaji wa kata au kijiji, na mwenyekiti wa mtaa au kitongoji. Mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, uitwao MTAKUWWA, ulioanza mwaka 2017, uliagiza kamati za ulinzi tangu ngazi ya taifa hata vijijini. Kwa habari ya matunzo, mke aliyetelekezwa na watoto aweza kuanza kwa ustawi wa jamii. Mambo ya mtoto hupokewa pia kwa simu namba 116.

Mlango wa tano ni wasaidizi wa kisheria, waliotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na vyama vya wanawake, kama Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, na Chama cha Wanasheria Wanawake, TAWLA. Hawa huandika madai, hueleza haki, na pengine humsindikiza mtu mahakamani.

Kuhusu Baraza la Usuluhishi la Ndoa, yafaa maelezo ya pekee, kwa kuwa hapa ndipo mnyambuliko wa -an- urudipo na kuleta kosa. Kifungu cha 101 cha Sheria ya Ndoa chataka kwamba kabla ya kudai talaka mahakamani, shauri lipite kwanza katika Baraza, nalo lithibitishe kuwa limeshindwa kupatanisha. Yapo mambo yasiyohitaji hatua hiyo, na mahakama yaweza kuiondoa kwa hali zisizo za kawaida. Hatua hiyo ni ya talaka. Si ya jinai. Aliyepigwa hahitaji hati ya Baraza ndipo ashitaki shambulio, na mtu amwambiaye "nendeni kwanza mkasuluhishwe" amechanganya milango miwili.

Zanzibar ina njia zake, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki huko. Habari za ndoa za Waislamu hupelekwa Mahakama ya Kadhi. Mashitaka ya jinai hupelekwa polisi na mahakama za kawaida, na mwaka 2021 zilianzishwa mahakama maalumu za kesi za udhalilishaji. Kwenda kwa Kadhi kuomba ndoa ivunjwe hakumzuii mtu kwenda polisi kwa ajili ya kipigo.

Kenya ilitunga sheria ya ulinzi dhidi ya dhuluma za nyumbani mwaka 2015. Sheria hiyo yaorodhesha vitendo: kuumiza mwili, matusi, vitisho, kunyima mali, kufukuza mtu makaoni, kumwandama, na hata ukatili wa kingono ndani ya ndoa, na yampa mahakama uwezo wa kutoa amri ya ulinzi. Simu ya taifa kwa mambo haya huko ni 1195, na FIDA ya Kenya, chama cha mawakili wanawake kilichoanzishwa mwaka 1985, hutoa msaada wa sheria. Kwa mtafiti wa lugha, sheria hiyo ni mfano wa kutegemea orodha ya vitenzi badala ya jina moja.

Kazi iliyo mbele ya wataalamu wa lugha

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilipitisha mabadiliko yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba kazi ya kufasiri sheria za ndoa na za jinai, pamoja na fomu za polisi na za hospitali, yawahusu wataalamu wa Kiswahili moja kwa moja. Mambo machache yaweza kupendekezwa.

Mfasiri wa sheria asitumie ugomvi wala mgogoro mahali ambapo sheria yakusudia shambulio. Mtunga kamusi, aandikapo maana ya kumrudi na kumtia adabu, achague mfano usiomweka mke mahali pa mtoto. Na ikiwa ni lazima kuonyesha matumizi hayo, aeleze kuwa ni ya zamani au ni ya mila fulani. Mtunga fomu aweke nafasi mbili: moja ya maneno ya majeruhi kama alivyoyasema, kwa kauli aliyoitumia, na ya pili ya yale aliyoyaona mwandikaji. Mkalimani wa mahakama, mtu asemapo "tulipigana", asifasiri hivyo hivyo akapita. Na aiombe mahakama imwulize shahidi ni nani aliyempiga nani, kwa kuwa yeye mwenyewe hana ruhusa ya kuuliza wala ya kubadili jibu. Mwandishi wa mabango na matangazo ya redio ataje vitendo, si jina la jumla peke yake, na mwisho ataje mlango ulio karibu: dawati, zahanati, afisa ustawi wa jamii.

Vyuo navyo vyaweza kulifanya hili kuwa sehemu ya mafunzo. Mwanafunzi wa sarufi hufundishwa kauli za vitenzi kwa mifano ya vikombe vilivyovunjika na milango iliyofunguka. Mfano wa mkono uliovunjika na mkono uliovunjwa wafundisha kanuni ile ile, nao humtayarisha mwanafunzi ambaye kesho atakuwa mwalimu wa kijiji, mtangazaji, karani wa mahakama au muuguzi, aisikie tofauti hiyo siku mtu atakapoketi mbele yake na kusema kwa sauti ya chini kwamba ameanguka.